KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MANENO MANNE YA KIINGEREZA TULIYOANDIKIWA

KIKUNDI CHA WAKAUSHA DAGAA "TUPO", KIGOMA UJIJI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, barazani kwa Mwenyekiti, Buzebazeba. Kikao kiliitishwa saa 8:00 mchana. Kilianza saa 9:25 alasiri kwa sababu dagaa walikuwa hawajaanuliwa, na dagaa hawasomi barua za mwaliko.

WALIOHUDHURIA

1. Bi Winfrida – Mwenyekiti
2. Mzee Mwinshehe – Katibu
3. Bi Shadia – Mweka Hazina, na mwenye simu kubwa
4. Bi Honorata – Fundi Mkuu wa vichanja
5. Mwalimu Erasto – Mjumbe, mwalimu mstaafu
6. Mzee Elikana wa Kalinzi – Mjumbe, mwindaji mstaafu
7. Bw. Bonaventura – Mjumbe, mwenye mtumbwi

AMBAO HAWAKUHUDHURIA

1. Bi Angelina – kwa taarifa. Amekwenda kumwona mjukuu.
2. Bw. Marselino – kwa taarifa. Anaumwa mguu. Mguu huo ulionekana na wajumbe watatu ukicheza bao sokoni.

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwashukuru kwa kuacha kazi zao. Katibu alisoma dua kwa upande wa Waislamu, kisha Mwalimu Erasto akasali kwa upande wa Wakristo. Sala ya Mwalimu ilipita Kigoma mjini, ikafika Tabora, ikaelekea Dodoma. Mwenyekiti alisema "Amina" mara mbili kabla haijafika.

KUMB. NA. 2/10/2024: KUPITIA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Mwalimu Erasto alilalamika kwamba ameandikwa "alisinzia", wakati yeye alikuwa anatafakari. Aliomba neno libadilishwe. Katibu alikubali bila kinyongo. Sasa zinasomeka kwamba Mwalimu Erasto alitafakari kwa dakika arobaini, kwa sauti.

KUMB. NA. 3/10/2024: TAARIFA YA BWANA MTATHMINI

Mwenyekiti alieleza kwamba ile taarifa ya Bwana Mtathmini wa mradi, aliyetutembelea tarehe 18 Septemba, imefika. Ina kurasa kumi na moja, zote Kiingereza, kwa sababu inasomwa kwanza na wafadhili. Bi Shadia aliisoma na kutafsiri. Mambo mengi yalikuwa mazuri: kwamba kikundi ni kisafi, kwamba wanachama ni wakarimu, na kwamba kuku alikuwa mtamu. Hapo Bw. Bonaventura alipiga makofi peke yake.

Ndipo wakafika ukurasa wa tisa. Palisema kwamba sifa tulizozipata kwenye maonyesho mwaka jana, dagaa wetu walipoitwa safi kuliko wote, zilikuwa "flash in the pan". Chini yake, pendekezo: Bi Honorata asiwekwe kwenye orodha ya walimu watakaozunguka mialo mingine ya wavuvi kufundisha watu kuanika dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani.

Iandikwe, kwa faida ya atakayesoma baadaye, kwamba Bi Honorata aliacha shule darasa la tatu ili abebe wadogo zake. Ndiye mtu wa kwanza katika mwalo wetu kuinua dagaa kutoka mchangani, wakati sisi wengine tulikuwa tunasema dagaa bila mchanga hawana ladha. Tangu alipoambiwa kwamba huenda akawa mwalimu, amekuwa akijizoeza kufundisha wajukuu zake, na wajukuu wakikimbia anafundisha mbuzi. Mbuzi mmoja sasa anajua kukwepa kichanja.

Bi Honorata aliomba jina lake lifutwe kabisa, asije akakitia kikundi aibu. Alisema, "Mimi narudi kwenye vichanja vyangu. Ualimu ni wa wenye shule." Hakutazama mtu alipokuwa anasema.

Mwenyekiti alijibu kwamba kalamu ya kufutia iko kwa Katibu, na Katibu haioni. Katibu alithibitisha kwamba haioni.

KUMB. NA. 4/10/2024: MANENO HAYO MAANA YAKE NINI NA YALITOKA WAPI

Mwenyekiti alisema hawezi kukasirika wala kufurahi kabla hajajua ameambiwa nini. Aliomba mwenye ujuzi aeleze.

Mwalimu Erasto alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alieleza kwamba Kiingereza amekifundisha miaka thelathini na moja. Alisema neno la kwanza ni mwako wa ghafla, na la mwisho ni kikaango. Kwa hiyo tumeambiwa kwamba sisi ni moto uliolipuka kwenye kikaango: mafuta yanadaka moto, watu wanapiga kelele, mama anafunika na kifuniko, basi. Bi Winfrida aliuliza kama maana yake ni kwamba wanawake wa kikundi hiki wanaunguza mboga. Mwalimu alisema hakusema hivyo. Bi Winfrida alisema ila amekaribia sana kusema.

Bi Shadia alitafuta kwenye simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mpangaji anayekwepa kodi. Ulipokuja, alisoma kwamba maana yake ni kitu kilichong'aa mara moja, watu wakashangilia, halafu hakikurudia tena. Kuhusu asili, aliyeandika wa kwanza anasema inatoka kwa wachimba dhahabu: unaosha mchanga kwenye karai, unaona kitu kinametameta, moyo unaruka, kumbe hamna kitu.

Bw. Bonaventura alisema hiyo anaikubali, maana shemeji yake alikwenda kuchimba dhahabu akarudi na karai. Mwalimu Erasto alisema simu haijasomea ualimu. Bi Shadia alisema simu haisinzii. Mwalimu Erasto alisema kutafakari. Mwenyekiti aligonga meza.

Mtandao uliporudi, Bi Shadia alisoma mwingine, aliyesema kwamba habari za karai watu walizitunga baadaye tu. Asili yenyewe ni bunduki za zamani za Wazungu, ambazo ubavuni zilikuwa na kisahani kidogo cha kutilia baruti.

Hapo Mzee Elikana, ambaye tangu kikao kianze alikuwa anatafuna karanga na hakusema hata neno moja, alianza kucheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Mwenyekiti alimuuliza anacheka nini. Alijibu, "Kumbe na Wazungu nao ziliwaunguza nyusi!"

Aliombwa aeleze. Alisema hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kitu hicho anakijua, kwa kuwa babu yake alikuwa na bunduki ya gumegume, na yeye mwenyewe ameipiga akiwa kijana. (Iandikwe kwamba bunduki hiyo ilikwishasalimishwa serikalini zamani, kwa hiari, na risiti ipo. Mzee Elikana aliomba hili liandikwe mara mbili. Risiti ipo.)

Alieleza kwamba gumegume ina mtutu mrefu. Baruti yenyewe, ile ya kuua mnyama, inashindiliwa ndani ya mtutu pamoja na risasi. Nje, ubavuni, kuna kisahani cha chuma, kama kizibo cha soda. Hapo unatia baruti kidogo tu, laini, ya kuwashia. Ukivuta kifyatuo, jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia kisahanini, baruti inawaka fwaa! Moto unapita kwenye tundu dogo, dogo kama la sindano, unaingia ndani ya mtutu. Ndipo bunduki inalia.

"Sasa," alisema Mzee Elikana, "tundu likiziba masizi, moto unaishia pale pale kisahanini. Mwanga mkubwa! Moshi! Nyusi zimekwenda! Bunduki kimya. Swala anageuka anakutazama, kama anakuuliza, Mzee, umesema nini?"

Wajumbe walicheka sana. Bw. Bonaventura aliigiza swala. Bi Honorata naye alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba amesikitika.

Mwalimu Erasto alikiri kwamba maelezo hayo yanaelekea, na kwamba katika kitabu kimoja alichokuwa nacho zamani huenda aliliona jambo hilo, ila kitabu kililiwa na mchwa. Kikao kilipokea maelezo ya mchwa.

Mwenyekiti alisema basi sasa tumejua: tumeitwa moshi na nyusi. Alipendekeza wajumbe wakasirike rasmi.

Mzee Elikana alinyoosha mkono. Aliuliza, "Kama ni gumegume, mbona mnalia? Imewaka kisahanini, haikulia. Risasi iko wapi?"

Bw. Bonaventura alitazama chini ya kiti chake.

"Nawauliza nyinyi wasomi. Risasi iko wapi?"

Bi Honorata alisema polepole, "Imo mtutuni."

"Ego, ndiyo!" alisema Mzee Elikana. "Imo! Na baruti yake yote imo. Haijakwenda popote. Asiyejua bunduki anaona moshi umekwisha, anasema hamna kitu, anakwenda zake. Babu yangu hakutupa bunduki hata siku moja. Anaielekeza pembeni kusiko na watu, anasubiri kwanza, maana bunduki ile jinga huweza kulia kwa kuchelewa. Halafu anachukua waya, anazibua tundu, anatia baruti mpya kisahanini. Swala wengi tuliokula nyumbani ni wa mara ya pili."

Mwalimu Erasto alipinga. Alisema Waingereza katika msemo wao hawakuweka habari ya waya wala ya kuzibua. Wao waliishia kwenye moshi. Mzee Elikana alijibu kwamba basi waliondoka porini mapema.

KUMB. NA. 5/10/2024: TUNDU LETU LILIZIBA WAPI

Mwenyekiti alisema kama ni hivyo, kikao kitafute tundu. Wajumbe walirudia habari za tarehe 18 Septemba, na hapa Katibu anaandika kila kitu kama kilivyosemwa, hata kinachomhusu.

Ilionekana kwamba siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Kila mjumbe alilijua hilo. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukijaa, mitumbwi inakaa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao, na vichanja vinakuwa vitupu. Hata mbuzi wa Bi Honorata anajua.

Barua ya Bwana Mtathmini ya kutaja tarehe ilifika wiki mbili kabla. Katibu aliijibu kwa mkono wake: "Karibu sana, siku hiyo ni nzuri mno." Alipoulizwa kwa nini, Katibu alisema hivyo ndivyo barua za wageni zinavyojibiwa tangu azaliwe, na hajawahi kusikia mgeni akiambiwa siku yake mbaya. Kwao mgeni hata akikuta nyumba inaungua anatafutiwa kiti kwanza. Wajumbe wote walikubali kwamba hata wao wangejibu hivyo.

Mgeni alipofika alikuta vichanja vimeoshwa, vimefungwa maua ya bougainvillea na vitenge vipya vya Mwenyekiti. Hapakuwa na dagaa hata mmoja. Alimuuliza Bw. Bonaventura, "Dagaa wako wapi?" Bw. Bonaventura alionyesha ziwa lote kwa mkono, akasema, "Wapo." Mgeni aliuliza kama ni wengi. Alijibiwa, "Sana." Kisha akalishwa kuku. Mwalimu Erasto alisema hapo ndipo penye aibu, mgeni wa kikundi cha dagaa kula kuku. Bw. Bonaventura alimkumbusha Mwalimu kwamba paja alikula nani.

Bi Shadia aliuliza kwa nini Bi Honorata, ambaye ndiye mwenye kazi, hakueleza habari ya mwezi. Bi Honorata alipobanwa alisema alifungua kinywa aeleze, ila mtu alimkanyaga chini ya meza.

Mwenyekiti alikiri kwamba mguu ni wake. Alisema, "Nilimkanyaga kwa heshima. Nilidhani mgeni ataona tunamwambia kwamba amekosea."

Mzee Elikana alisema, "Tundu ndilo hilo. Limezibwa na mguu wa Mwenyekiti."

Mwenyekiti aliomba hilo lisiandikwe. Katibu alisema ameshaandika, tena kwa wino.

AZIMIO: Bwana Mtathmini apigiwe simu sasa hivi, aelezwe wazi, bila maua.

KUMB. NA. 6/10/2024: KUZIBUA

Mwalimu Erasto alijitolea kuzungumza, kwa Kiingereza. Bi Shadia alisema Bwana Mtathmini ni mtu wa Singida, anajua Kiswahili kama sisi. Mwalimu alisema hata hivyo. Kikao kilimshukuru.

Mwenyekiti alisema atakayezungumza ni Bi Honorata. Bi Honorata alikataa. Alisema, "Nitamwambia nini msomi yule?" Bi Shadia alimjibu, "Mwambie kama unavyotugombezaga sisi." Bi Honorata alisema sisi ni wajinga wake, yule ni mjinga wa watu. Alipomaliza kusema hivyo alishika mdomo, lakini wajumbe walikuwa wameshaanza kucheka, na simu ilikuwa imeshaanza kuita.

Simu iliwekwa kwenye spika, juu ya ungo ili sauti isambae. Bwana Mtathmini alipokea, akasema "Shikamoo mama." Bi Honorata alisema "Marahaba baba," halafu akaanza kuupangusa ungo. Tulisikia kuku wa jirani. Bw. Bonaventura hakuweza kuvumilia, akapaza sauti, "Mwambie aje leo! Siku hizi vichanja vinajaa mpaka vinalia!" Alinyamazishwa na kikao kizima.

Bi Honorata alivuta pumzi, akasema, "Baba, siku ile uliyokuja hapakuwa na dagaa kwa sababu ya mwezi."

Bwana Mtathmini aliuliza, "Mwezi upi, wa tisa?"

"Siyo wa tisa. Wa juu."

Kuanzia hapo hakusimama tena. Alieleza kwamba dagaa wanafuata taa. Kukiwa na giza, taa ya mtumbwi ndiyo mwanga pekee ziwani, wanakusanyika chini yake kama watu kwenye harusi. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni mwanga, hawana sababu ya kuifuata taa yako, wanatawanyika. Hawakwenda Kongo. Wapo. Siku hizo sisi tunaosha vichanja, tunakaza kamba, tunabadilisha nyavu zilizotoboka. "Ulitukuta siku ya kufua, baba. Ukaandika kwamba hatuna nguo."

Bwana Mtathmini alisema, "Subiri mama, naandika." Kwa hiyo kwa muda huo kikundi kilikuwa na makatibu wawili.

Aliuliza ni siku ngapi vichanja vinakaa vitupu, na giza linaanza lini. Alijibiwa. Aliuliza mvua ikinyesha inakuwaje. Alijibiwa kwamba watu wanakimbia na maturubai, na anayejikwaa anachekwa baadaye, siyo wakati ule. Bi Honorata naye akamuuliza kama anajua dagaa aliyekauka vizuri anatambulikaje. Bwana Mtathmini alisema hapana. Bi Honorata alisema, "Umeandika kurasa kumi na moja." Simu ilicheka. Bi Honorata alieleza kwamba unachukua konzi moja, unatikisa kwenye ungo, unasikiliza: wakilia kama mahindi makavu, tayari, wakilia kama karatasi, rudisha juani. Alichukua wachache akawatikisa karibu na simu. Bwana Mtathmini alisema, "Tikisa tena mama." Akatikisa tena.

Kisha Bwana Mtathmini aliuliza kwa nini siku ile hakuna aliyemweleza haya.

Wajumbe walitazama mguu wa Mwenyekiti. Bi Honorata alisema, "Tulikuonea haya. Ulikuwa mgeni."

Bwana Mtathmini alisema na yeye aliona haya kuuliza mbona vichanja vimefungwa maua. Alidhani kuna mtu amefariki. Aliongeza kwamba ukurasa wa tisa atauandika upya, lakini hawezi kuuandika kwa kusikia tu, lazima arudi aone kwa macho. Alisema ameshatazama ratiba yake, ana nafasi Alhamisi tarehe 17 mwezi huu.

Iandikwe kwamba hapo wajumbe wote, pamoja na Katibu, walifungua vinywa vyao kusema "karibu sana". Mwenyekiti alikuwa ameshafika "kari".

Bi Honorata aliinua mkono akatuzuia. Alisema kwenye simu, "Hapana. Tarehe 17 usije."

Bw. Bonaventura alijishika kichwa. Mzee Elikana aliacha kutafuna.

"Siku hiyo mwezi umejaa tena," aliendelea. "Utakuta vichanja vitupu, tutakuchinjia kuku, utakwenda kuandika yale yale. Tarehe hiyo mbaya. Ifute."

Bi Shadia aliiinamia kutazama kama imekatika. Haikukatika.

Bwana Mtathmini alisema, "Basi nije lini, Mwalimu?"

Mwalimu Erasto aliitika, "Naam!"

Mwenyekiti alimwomba akae. Hakuitwa yeye.

Bi Honorata alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akasema, "Jumanne tarehe 29. Uje asubuhi, uvue viatu, na uje na kalamu."

KUMB. NA. 7/10/2024: MENGINEYO

Bw. Bonaventura alikuwa na mengineyo. Aliambiwa asiharibu.

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alijaribu kufunga kikao saa 11:40 jioni kwa maneno ya shukrani, lakini hakusikika, kwa kuwa Bw. Bonaventura alikuwa amegeuza ndoo na kuanza kuipiga, Mzee Elikana anacheza, na Mwalimu Erasto anamweleza Bi Honorata jinsi ya kushika chaki, naye anamsikiliza kwa adabu huku anacheza. Katibu aliona kalamu haina kazi tena, akaiweka chini saa 11:46.

Saini: ................................
Winfrida
MWENYEKITI

Saini: ................................
Mwinshehe
KATIBU